Roboti ya koridoni ipewe macho gani? Alama za karatasi, kamera moja, kamera ya kina au leza

Kabla hujaagiza kamera yoyote, chukua simu yako, ishushe usawa wa goti, washa video, kisha tembea polepole njia yote ambayo roboti itapita. Fanya hivyo asubuhi, rudia saa tisa alasiri jua linapoingia kwa ubavuni, rudia tena usiku. Halafu kaa uitazame video hiyo picha kwa picha. Katika majengo yetu mengi utaona ukuta mweupe, ukuta mweupe, mlango, ukuta mweupe, na sakafu inayong'aa kama imemwagiwa maji. Hiyo ndiyo dunia ya roboti yako.

Vijana wanaotengeneza roboti vyuoni huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza jengo likoje. Kamera haioni umbali, wala haijui ukuta ni nini. Inapokea mwanga tu, na kila hesabu tunayoifanya juu ya mwanga huo inataka kitu cha kushika: kona, doa, mpaka wa rangi mbili, maandishi mlangoni. Jengo lisilo na vitu hivyo hupofusha hata kamera ya bei mbaya.

Ili tuelewane, nitashika mfano mmoja: roboti ya magurudumu, kimo chake kiunoni, inayobeba sampuli na dawa kwenye korido ya hospitali yenye urefu wa mita 60, ghorofa moja, vyumba pande zote mbili. Si jambo la mbali nasi. Mei 2020 Rwanda ilipeleka roboti tano kusaidia katika vita dhidi ya korona, na baadhi yake zilifanya kazi katika kituo cha Kanyinya, Kigali, ili wauguzi wapunguze kuingia kwa wagonjwa.

Maswali mawili, si moja

Roboti inayotembea yenyewe inajibu maswali mawili bila kupumzika. La kwanza: niko wapi? La pili: kuna nini mbele yangu? Fedha nyingi hupotea kwa sababu mtu amenunua kifaa kinachojibu swali moja, akadhani amelipia yote mawili.

Swali la kwanza haliwezi kujibiwa na GPS, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hufika ndani ya jengo yakiwa hoi. Kuhesabu mizunguko ya magurudumu husaidia, lakini kosa hujilimbikiza. Roboti ikianza safari ikiwa imekosea mwelekeo kwa nyuzi moja tu, baada ya mita 60 itakuwa imehama kando kwa takriban mita 1, yaani imeshaingia ukutani. Na hapo bado sakafu haijapigwa deki. Ikiwa imelowa, gurudumu huzunguka na roboti imesimama palepale, nayo inaamini imesonga mbele. Ndiyo maana inahitaji jicho la kuisahihisha.

Alama za karatasi

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu wengi huidharau wakiiona ni ya kitoto.

Unachapa miraba ya nyeusi na nyeupe, kila mmoja una namba yake, unaibandika ukutani au sakafuni mahali unapopajua. Kamera ikiuona mraba, programu inasoma namba, kisha kwa jinsi mraba ulivyopinda na kupungua kwenye picha inakokotoa kamera iko umbali gani na imeelekea wapi. AprilTag, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2011 kwa kazi ya Edwin Olson, ni wa bure na programu yake iko wazi. ArUco ulitoka Chuo Kikuu cha Córdoba, Hispania, nao unapatikana ndani ya OpenCV, maktaba ya bure ya programu za kuchakata picha. Yote miwili hukimbia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, bila kuhitaji kompyuta ya maelfu ya dola.

Anayeona ni mchezo wa watoto aangalie maghala. Kampuni ya Kiva Systems ya Marekani ilijenga roboti za chini zinazobeba rafu, zikisoma alama zilizobandikwa sakafuni kwa kamera inayotazama chini. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kwa dola milioni 775. Stika sakafuni zilibeba biashara hiyo.

Sasa hesabu ya jikoni. Kundi la alama za AprilTag linaloitwa 36h11 lina alama 587 tofauti, nyingi kuliko milango ya hospitali yetu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Alama yenye mraba mweusi wa sentimita 16, pamoja na ukingo wake mweupe, inafika sentimita 20, kwa hiyo inaenea. Kwa kamera ya kawaida yenye urefu wa fokasi (kipimo cha lenzi inavyokuza kitu kwenye picha) wa pikseli 600, alama hiyo ikiwa mita 4 mbele itachukua pikseli 24. Mraba mweusi umegawanyika vyumba vidogo 8 kwa upana, vyeusi na vyeupe, basi kila chumba kinapata pikseli 3. Chini ya hapo mambo huanza kuyumba. Kwa hiyo panga alama ili roboti isikae mita nyingi bila kuona hata moja.

Makosa yake nayafahamu kwa sababu nimeyafanya. Niliwahi kuchapa alama bila kuzipima kwa rula. Printa ilikuwa imepunguza ukurasa ili utoshe, sentimita 16 zikawa 15.2, na roboti ikaamini iko mita 4.2 kutoka ukutani wakati ilikuwa mita 4 kamili. Sentimita 20 hizo zinatosha kugonga mlango. Kosa la pili lilikuwa kuzipiga laminesheni ili zidumu. Plastiki inang'aa, taa ya dari ikajichora katikati ya alama, namba haikusomeka. Chapa kwenye karatasi au stika isiyong'aa.

La tatu ni la ndani zaidi. Roboti ikiitazama alama uso kwa uso, umbali huupata vizuri lakini pembe huikosea, kwa sababu mraba uliopinda kidogo kushoto na uliopinda kidogo kulia hufanana sana kwenye picha. Tiba ni kuweka alama ili kamera izione mbili kwa wakati mmoja, au kuziweka zionekane kwa mshazari.

Na kuna udhaifu usio na dawa: alama zinajibu swali la kwanza tu. Machela iliyoachwa katikati ya korido haina alama.

Kamera moja bila alama

Hapa ndipo uzuri wa taaluma yenyewe ulipo. Roboti inachukua vipengele vilivyopo tayari, kona za fremu za milango, mbao za matangazo, nyufa, inavifuatilia picha hadi picha, na kutokana na jinsi vinavyohama inajenga ramani huku ikijitafuta ndani ya ramani hiyohiyo. Kazi hiyo huitwa SLAM.

Safari yake imekuwa ndefu. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kigari cha Hans Moravec kilivuka chumba kilichojaa viti bila mtu kukigusa. Kilitumia takriban saa tano. Kilikuwa kinasogea kama mita moja, kinasimama, kinapiga picha tisa kwa kuisogeza kamera kwenye reli, kisha kinafikiri dakika 10 hadi 15 kabla ya kusogea tena. Mwaka 2003 mtafiti Andrew Davison alionyesha kamera moja ikifanya kazi hiyo papo kwa papo. Mwaka 2015 watafiti wa Zaragoza, Hispania, Raúl Mur-Artal na wenzake, walitoa ORB-SLAM, na matoleo yaliyofuata yakaongeza kamera mbili, kamera za kina (zinazopima umbali wa kila pikseli), kisha kihisi cha mwendo na mzunguko. Mwanafunzi leo anaipakua bure. Asisahau tu kusoma leseni: ORB-SLAM iko chini ya GPL, kwa hiyo ukiiweka ndani ya bidhaa unayoiuza utabanwa na masharti ya kutoa msimbo wako. RTAB-Map, programu nyingine ya SLAM, ya Mathieu Labbé na François Michaud wa Sherbrooke, Kanada, ina leseni ya BSD iliyo legevu zaidi, ingawa hiyo hasa inataka kamera ya kina, kamera mbili au leza.

Kwa hospitali yetu, kamera moja ina matatizo matatu.

Kwanza, haijui ukubwa. Mlango wa mita 2 ulio mbali na mlango wa mwanasesere ulio karibu hutoa picha ileile. Lazima kitu kingine kiilete mita, ama mizunguko ya gurudumu ama kihisi cha mwendo.

Pili, milango ya korido inafanana kama mapacha. Roboti ikirudi mahali ilipokwisha kupita na kupatambua, hurekebisha makosa yote iliyoyakusanya njiani, na hiyo ndiyo raha ya SLAM. Lakini ikipatambua mahali pasipo penyewe, inakunja ramani nzima na kushona chumba namba 4 juu ya chumba namba 14. Nimewahi kuona ramani ya korido iliyonyooka ikawa na umbo la yai.

Tatu, hospitali inahama. Viti vinasogezwa, watu wanajaa saa za kuona wagonjwa, bango linabanduliwa. Ramani ya Jumatatu inaanza kuzeeka Jumatano.

Kwa hili la tatu kuna ujanja mzuri ambao haupewi heshima yake: geuza kamera itazame dari. Mwaka 1998 roboti Minerva ilipowaongoza wageni katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Marekani huko Washington, umati ulikuwa ukiizunguka na kuiziba. Pamoja na leza, ilijitambua kwa picha ya dari iliyokuwa imeunganishwa kutoka vipande vingi. Dari haikaliwi na mtu. Kwetu hakikisha tu kwamba hakuna pangaboi linalozunguka juu ya njia, kwa sababu kona zake hazitulii na programu inaweza kudhani ni roboti inayozunguka.

Kamera ya kina

Hii inajibu swali la pili, na inalijibu vizuri kuliko zote.

Novemba 2010 Microsoft ilitoa Kinect kwa ajili ya michezo ya televisheni, dola 149.99. Ndani ya siku chache watu walikuwa wamekwisha kuandika programu huru za kuisoma kwenye kompyuta, na maabara za roboti zikaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kwa mara ya kwanza kila pikseli ilikuja na umbali wake kwa bei ambayo chuo kinaimudu. TurtleBot ya kwanza, roboti ndogo ya kujifunzia kutoka kampuni ya Willow Garage, ilikuwa Kinect juu ya mwili wa roboti ya kufagia.

Zinazotumika sana siku hizi, kama RealSense D435, zina macho mawili yanayolinganisha picha zake, pamoja na projekta ya mwanga wa infraredi inayomwaga nukta nukta ukutani. Nukta hizo ndizo zinazoufanya ukuta mweupe uwe na kitu cha kushika. Hapo ndipo inapoishinda kamera ya kawaida ya macho mawili, ambayo mbele ya ukuta mtupu haina la kusema.

Usiiamini mbali, hata hivyo. Makosa yake hukua kwa mraba wa umbali. Tuseme lenzi zimeachana sentimita 5, fokasi ni pikseli 600, na kulinganisha kunakosea kwa robo pikseli. Kwenye mita 1 kosa ni milimita 8. Kwenye mita 3 ni sentimita 7.5. Kwenye mita 6 ni sentimita 30. Kwa kukwepa machela iliyo mita 2 mbele hiyo ni hazina. Kwa kupima mwisho wa korido ni kubahatisha.

Jua la dirishani huzima nukta za infraredi. Kioo haikioni. Sakafu inayong'aa huipa shimo ambalo halipo, roboti ikakataa kusonga. Na ukikosa waya mzuri wa USB 3, kamera itaanza kukatika ukadhani programu yako ni mbovu. Nimeshuhudia wiki nzima ikiliwa na waya.

Faida moja inanifanya nisiwe tayari kuikosa: ngazi zinazoshuka. Kamera ya kina iliyoinamishwa kidogo kuelekea sakafuni inaona kwamba sakafu imeisha. Hata hivyo weka pia vihisi vya ukingo chini ya roboti na bampa inayokata umeme wa mota. Roboti ya kilo 30 isiachiwe ngazi kwa imani ya kamera peke yake.

Leza, kwa ufupi

Leza inayozunguka, maarufu kama lida, si uoni wa kamera, lakini haiwezi kuachwa nje ya ulinganisho kwa sababu ndiyo mshindani halisi. RPLIDAR A1 hupatikana kwa takriban dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, huona nyuzi 360 hadi mita 12, na haijali taa imewaka au imezimwa. Programu zake zimekomaa.

Lakini huona kwenye tabaka moja tu, kama kisu kinachokata keki kwa mlalo. Ikiwa imefungwa sentimita 20 kutoka sakafuni, itaona miguu ya meza na haitaona meza. Kioo nacho kinaitoroka kama kinavyoitoroka kamera ya kina, kwa hiyo bandika ukanda wa stika usiopitisha mwanga kwenye mlango wa kioo, usawa wa leza. Na katika korido ndefu yenye kuta mbili zilizonyooka inajua iko katikati ya kuta, ila haijui imefika mita ya 20 au ya 35, kwa kuwa kila mahali panafanana. Alama ya karatasi ukutani inaimaliza shida hiyo kwa senti chache.

Taa zetu, umeme wetu

Sehemu hii haimo kwenye miongozo mingi, na ndiyo inayotuangusha zaidi.

Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu, na LED nyingi za bei nafuu, humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: mistari ya giza inapanda na kushuka kwenye picha. Kamera nyingi zina mpangilio wa masafa ya umeme, 50 au 60. Weka 50. Kisha funga muda wa kupokea mwanga uwe sekunde 1/100 au mara kadhaa ya hapo, mistari itoweke.

Sasa angalia kinachofuata. Kwa muda huo wa sekunde 1/100, roboti ikigeuka kwa kasi ya robo duara ndani ya sekunde moja na nusu hivi, picha inachafuka kwa takriban pikseli 6. Unakumbuka kila chumba cha alama yetu kilikuwa na pikseli 3? Kimefutika. Ramani ya SLAM nayo hupotea papo hapo kwenye kona. Dawa haihitaji fedha: punguza kasi ya kugeuka hadi chini ya theluthi moja, uchafu ushuke hadi pikseli 2. Wengi waliokwisha kukata tamaa na kamera zao walihitaji tu roboti igeuke kwa upole.

Na umeme ukikatika? Kabla ya jenereta kuwaka kuna sekunde za giza totoro. Kamera ya kawaida inapofuka, alama na SLAM vinakwenda pamoja nayo. Kamera yenye projekta ya infraredi inaendelea kuona vizuizi, leza haina habari. Hospitali isiyo na leza, basi, iwe na taa ndogo ya betri kwenye roboti yenyewe, au roboti ijue kusimama.

Nyuso za watu

Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review liliandika habari za picha za ndani ya nyumba, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilizopigwa na roboti za kufagia za majaribio zikavuja kupitia watu waliolipwa kuziwekea lebo. Mgonjwa amelala kwenye machela koridoni hana namna ya kukataa kupigwa picha. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Leza haichukui uso wa mtu. Kamera inayotazama dari au sakafu haiuoni. Kamera inayotazama mbele ichakate picha ndani ya roboti na isihifadhi hata moja, na jambo hilo liandikwe kabla mkataba haujatiwa saini.

Mimi ningechagua hivi

Kwa korido yetu ya mita 60: alama za AprilTag na kamera moja ya bei nafuu kujibu "niko wapi", zikishirikiana na hesabu ya magurudumu, kamera moja ya kina iliyoinamishwa mbele kujibu "kuna nini". Leza ningeiongeza fedha ikibaki, hasa kwa ajili ya usiku na pembeni. SLAM bila alama nisingeipa kazi ya sampuli za damu katika jengo jeupe kiasi hiki.

Maktaba au jumba la makumbusho ni kesi nyingine. Kuta zimejaa vitu, mwenye jengo hataki stika, na hakuna anayekimbizana na dakika. Hapo kamera ya kina na RTAB-Map zinatosha, na utafurahia ramani utakayoipata. Ghala lenye sakafu tupu na rafu zinazohama kila siku: alama sakafuni, usifikiri mara mbili. Mwanafunzi anayetaka kujifunza taaluma yenyewe aanze na kamera moja na ORB-SLAM, mezani, hata bila magurudumu, kwa kuwa hakuna njia nyingine itakayomfundisha jiometri ya picha kwa undani huo.

Kumbuka pia kwamba vifaa huondoka sokoni. Utengenezaji wa Kinect ulikoma 2017, na waliokuwa wamejenga kila kitu juu yake walianza upya. Alama utaichapa tena kesho kwenye stationari yoyote, na kamera ya USB ikifa utainunua nyingine.

Kabla ya kuikabidhi roboti kwa wauguzi, ipeleke katikati ya korido usiku, imebeba chupa za maji badala ya damu, kisha mwambie mtu azime taa zote. Inapaswa kusimama ndani ya hatua moja. Taa zikirudi, isisogee mpaka iwe imeziona alama mbili. Rudia mpaka ifanye hivyo mara ishirini mfululizo.